Injini Yenye Njaa na Injini Iliyoshiba Kupita Kiasi

(Somo hili lilisemwa katika redio. Limechapishwa hapa ili lisomwe darasani na nyumbani.)

Kalamu na daftari ziwe tayari, maana mwishoni mwa somo yako maneno ya kuandika na maswali ya kujibu.

Leo tutazungumza juu ya injini ya petroli yenye kabureta. Pengine mmoja wenu atasema, "Mimi sina gari. Somo hili lanihusu nini?" Ngoja kidogo, ndugu yangu. Ni kweli kwamba tangu miaka ya 1990 magari mengi mapya hayana kabureta. Lakini magari ya zamani bado yanatembea. Tena kabureta imo katika pikipiki nyingi za bodaboda, katika mashine ndogo za kuvuta maji, na katika jenereta ndogo za petroli. Ukiielewa kabureta moja, umezielewa na ndugu zake.

Mfano wetu leo utakuwa Land Rover ya zamani, ile ya Series II na Series III. Series II ilianza kutengenezwa mwaka 1958. Series III ilikoma mwaka 1985. Injini yake ya petroli iliyojulikana zaidi ina silinda 4, na ukubwa wake ni lita 2 na robo. Ni injini nyepesi kuielewa, na sehemu zake zaonekana wazi ukifunua boneti.

Nataka ushike jambo moja tu katika somo hili: uchafu ule ule huleta maradhi mawili. Uchafu ukinaswa na chujio mpaka likaziba, injini huona njaa. Uchafu ukipita hata ukaingia katika kabureta, injini hushiba kupita kiasi. Maradhi ni mawili, lakini mama yao ni mmoja.

SAFARI YA PETROLI

Petroli husafiri hivi. Yatoka katika tangi. Yapita katika mrija. Yavutwa na pampu. Yapita katika chujio. Yaingia katika kabureta. Mwishowe huchanganyika na hewa na kuingia katika silinda, na huko huwashwa na cheche ya plagi.

Katika Land Rover yetu, pampu iko ubavuni mwa injini. Chini ya pampu kuna kikombe cha kioo, na juu ya kikombe kuna wavu mwembamba. Wavu huo ndio chujio. Maji na mchanga hubaki chini ya kikombe, nawe waweza kuviona bila kufungua kitu. Magari mengine na pikipiki hazina kikombe hicho. Zina chujio dogo la plastiki au la karatasi lililofungwa katikati ya mrija.

Sasa tazama kabureta. Ndani yake mna bakuli dogo la kuwekea petroli. Katika bakuli mna boya linaloelea. Juu ya boya mna sindano ndogo, na sindano ina kiti chake. Petroli ikipungua katika bakuli, boya hushuka, sindano huachana na kiti, na petroli huingia. Petroli ikijaa, boya hupanda, sindano hukaa juu ya kiti chake, na mlango hufungwa. Kama umewahi kuona birika la kunyweshea ng'ombe lenye boya, basi umekwisha kuona kazi hii. Ng'ombe wakinywa, maji huingia. Birika likijaa, maji hukoma.

Kutoka katika bakuli, petroli hupita katika vitundu vyembamba sana vinavyoitwa jeti. Hapo hukutana na hewa. Kipimo chake ni hiki: petroli kilo 1 yahitaji hewa kilo 15 hivi. Petroli ikipungua sana, injini ina njaa. Petroli ikizidi sana, injini imeshiba kupita kiasi, nasi twasema imefurika.

DALILI ZA MARADHI

Daktari mwema hatoi dawa kabla ya kumtazama mgonjwa. Nawe usishike spana kabla ya kutazama, kusikia na kunusa.

Injini yenye njaa hufanya hivi. Asubuhi yawaka vizuri. Katika njia tambarare yaenda. Ukianza kupanda mlima, nguvu zaisha. Injini yakohoa, gari larukaruka, kisha yazimika. Ukingoja dakika chache, yawaka tena, ukaenda mwendo kidogo, halafu ikazimika tena. Kwa nini? Mlimani injini yahitaji petroli nyingi, na chujio lililoziba latoa kidogo tu. Ukisimama, bakuli la kabureta hujaa polepole. Ndiyo sababu gari hupona kwa muda.

Injini iliyofurika hufanya hivi. Wasikia harufu kali ya petroli. Moshi wa ekzosi ni mweusi. Stata yazungusha injini lakini haiwaki, hasa ikiwa imezimwa ikiwa bado ya moto. Ukitoa plagi, waikuta nyeusi na imelowa. Pengine petroli yadondoka nje ya kabureta.

Basi, njaa haina harufu. Shibe ina harufu. Anza na pua yako.

KWANZA USALAMA

Kabla ya kufungua kitu chochote, sikiliza sana maneno haya. Petroli yenyewe haiwaki. Mvuke wake ndio unaowaka, na petroli hutoa mvuke hata wakati wa baridi kali. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama moshi wa jikoni usio na mahali pa kutokea, nawe huuoni. Moto ulio mbali nawe waweza kuukuta mvuke na kuurudisha mpaka kwenye gari.

Wengi wetu twakumbuka tarehe 10 Agosti 2019, huko Msamvu, Morogoro. Lori la petroli lilipinduka, watu wakaenda kuchota mafuta, na moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Petroli ya lori ni ile ile iliyo katika kikombe cha kioo. Tofauti ni wingi wake tu.

Kwa hiyo fanya kazi mahali penye hewa, wala si ndani ya chumba kilichofungwa. Acha injini ipoe. Tenga waya wa betri. Pasiwe na sigara, koroboi, wala jiko la mkaa karibu. Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu nawe. Moto wa petroli usiumwagie maji, kwa sababu petroli huelea juu ya maji na kwenda nayo ikiwaka.

Tena usivute petroli kwa mdomo. Ikiingia katika mapafu yaweza kuua. Mtu akiimeza, asitapishwe. Apelekwe hospitali upesi.

Jambo la mwisho hapa: kama gari lako ni la siku hizi na halina kabureta, usifungue mrija wake wa petroli kwa kufuata somo hili. Petroli yake imebanwa kwa nguvu kubwa nayo itaruka usoni. Mpe fundi wake.

KUTAFUTA NJAA

Fuata njia ya petroli tangu mwanzo. Usianze na kabureta, maana kabureta ni nyumba ya mwisho katika njia hiyo.

Kwanza, tazama kama tangi lina petroli. Usicheke. Mshale wa kipimo katika magari ya zamani husema uongo mara nyingi.

Pili, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikiingia kwa sauti ya "fsss", na baadaye gari likaenda vizuri, basi tundu la hewa la tangi limeziba. Petroli haiwezi kutoka kama hewa haiingii. Toboa kopo la maziwa tundu moja tu uone: maziwa hayatiririki vizuri. Toboa la pili, yatatiririka. Safisha tundu hilo.

Tatu, tazama kikombe cha kioo. Ukiona vumbi, kutu au maji chini yake, legeza skrubu iliyo chini, sogeza waya, na ushushe kikombe polepole. Oshe kikombe na wavu kwa petroli safi kidogo na brashi laini. Pindo la wavu likiwa limechanika, nunua mwingine. Angalia na ukingo wa kikombe. Pana kipande cha koki au mpira cha kuzuia hewa. Kikikaa vibaya, pampu itavuta hewa badala ya petroli, na njaa itabaki pale pale. Wengi husafisha chujio vizuri, kisha wakaharibu kazi kwa kukosea kipande hicho kidogo.

Kama gari lako lina chujio la plastiki katika mrija, usijaribu kuliosha. Litoe, weka jipya. Bei yake ni ndogo. Lakini kabla ya kulifunga, lisome! Juu yake kuna mshale, au kuna herufi IN upande mmoja na OUT upande wa pili. IN ni mahali pa kuingilia petroli, upande wa tangi. OUT ni mahali pa kutokea, upande wa kabureta. Mshale uelekee kabureta. Ndugu yangu unayejifunza kusoma, unaona? Herufi mbili au tatu zaweza kukuokoa usilale njiani.

Nne, jaribu pampu. Pampu ya Land Rover yetu ina kishikio kidogo cha kupigia kwa mkono. Fungua mrija penye kabureta, tia ncha yake katika chupa safi ya kioo, kisha piga kishikio. Petroli iruke kwa nguvu kila upigapo. Ukiona kishikio hakina uzito hata kidogo, zungusha injini kidogo kwa hendeli ya mbele, kisha jaribu tena. Kama petroli bado yatoka kwa unyonge hali chujio ni safi, mrija umeziba au pampu imechoka. Mrija waweza kuzibuliwa kwa pampu ya baiskeli, ukiwa umefunguliwa ncha zote mbili. Usipulize kwa mdomo.

Usimwage petroli iliyo katika chupa. Iache itulie dakika 10, kisha itazame. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, na lita 1 ya petroli ina gramu 740 hivi. Kwa hiyo maji hukaa chini. Ukiona mstari katika chupa, na chini yake kitu kama matone ya kioo, hayo ni maji. Tangi lako lina maji, nalo halina budi kumwagwa na kusafishwa. Ukibadilisha chujio tu bila kusafisha tangi, umefagia mlango na kuacha takataka ndani ya nyumba.

KUITULIZA INJINI ILIYOFURIKA

Sasa tuseme injini imefurika, nawe uko njiani. Kosa la kwanza la madereva ni kukanyaga pedali ya mafuta mara nyingi, pu, pu, pu. Katika kabureta nyingi, kila ukikanyaga unatia petroli zaidi. Ni kama kumwongezea ugali mtu anayeumwa tumbo kwa kushiba.

Fanya hivi. Kwanza funika pua ya haraka yako, utazame. Kama petroli yadondoka nje, usiguse stata. Cheche moja yatosha kuliteketeza gari. Shughulikia mdondoko huo kwanza, na ungoje mpaka pakauke pote.

Kama hakuna inayodondoka, sukuma choki mpaka ndani kabisa. Ngoja dakika 10. Kisha kanyaga pedali ya mafuta polepole mpaka chini, uishikilie hapo hapo bila kuiachia. Zungusha stata, lakini isizidi sekunde 10. Pumzika, kisha rudia. Pedali ikiwa chini, mlango wa hewa uko wazi kabisa. Hewa nyingi huingia na kuifukuza petroli iliyozidi. Injini ikianza kuwaka, itatoa moshi mweusi na kunguruma. Ndipo uiachie pedali polepole.

Ikikataa mara tatu, toa plagi zote. Andika namba juu ya kila waya, 1 hadi 4, ili usizichanganye. Zikaushe plagi kwa kitambaa safi na upepo. Usizichome kwa moto karibu na gari. Ziache nje kwa muda ili silinda zipate hewa, kisha zirudishe.

KWA NINI ILIFURIKA?

Kuituliza injini si kuiponya. Lazima ujue sababu.

Pengine ni choki iliyosahauliwa nje. Asubuhi yenye baridi choki husaidia, lakini injini ikipata joto irudishwe. Pengine chujio la hewa limejaa vumbi, na injini haipati pumzi. Hayo ni mepesi.

Kama si hayo, fungua kifuniko cha bakuli la kabureta, kwa uangalifu, juu ya kitambaa cheupe ili kitu kisipotee. Tazama sindano na kiti chake. Punje moja ya mchanga au kutu ikikaa kati yao, mlango haufungi tena. Petroli huingia bila kukoma mpaka ikamwagika. Punje hiyo ni ndogo kuliko chembe ya ulezi, lakini yalisimamisha gari lenye uzito wa zaidi ya tani moja. Isafishe. Kama sindano imelika na kufanya mstari unaoonekana, badilisha sindano na kiti pamoja.

Kisha toa boya, ulitikise karibu na sikio. Ukisikia petroli ndani yake, limetoboka. Boya lililotoboka ni zito. Haliwezi kupanda na kufunga mlango. Kama ni la shaba, litie katika maji ya moto, mbali na gari, nawe utaona mapovu mahali penye tundu. Bora kununua jipya.

Tena usisahau oili. Petroli iliyozidi huosha kuta za silinda na kuteremka mpaka kwenye oili ya injini. Chomoa kijiti cha kupimia. Kama oili imepanda juu ya alama na yanuka petroli, imwage yote, utie nyingine. Oili iliyochanganyika na petroli haiwezi kulinda vyuma. Dereva anayeipuuza hununua injini badala ya sindano.

DEREVA ALIYETUPA CHUJIO

Sasa tuunganishe mambo yetu. Tuseme dereva mmoja anapeleka wagonjwa na mizigo kati ya kijiji na mji. Gari lake laona njaa mlimani. Atazama, aona chujio limeziba. Hana jingine. Basi alikata chujio, akaunganisha mrija moja kwa moja. Gari likapanda mlima kama swala! Dereva akafurahi, akasema, "Kumbe chujio ndilo lililokuwa adui." Akaendelea hivyo.

Wiki mbili zikapita. Usiku mmoja aliitwa kumchukua mama mwenye uchungu wa kuzaa. Stata ilizunguka, injini haikuwaka. Harufu ya petroli ikajaa. Akakanyaga pedali tena na tena, mpaka betri ikafa. Fundi alipofungua kabureta asubuhi, alikuta nini? Kutu ile ile ya tangi iliyokuwa ikinaswa na chujio, sasa imekaa juu ya kiti cha sindano.

Chujio halikuwa adui. Lilikuwa askari wa mlangoni aliyechoka kwa wingi wa wezi. Dereva alimfukuza askari na kuwaacha wezi. Kumtoa chujio njiani ili ufike nyumbani, pengine ni shida iliyokulazimisha. Lakini ukifika, weka chujio jipya siku hiyo hiyo, na usafishe tangi. Usinunue kabureta mpya kwa sababu ya kutu ya tangi la zamani. Kutu itaiharibu na hiyo mpya.

TUKUMBUKE

Nusa kwanza: njaa haina harufu, shibe ina harufu. Zima moto wote ulio karibu. Fuata petroli tangu tangi mpaka kabureta. Soma mshale wa chujio. Injini ikifurika, mpe hewa, usimpe petroli. Kisha itafute punje.

MANENO YA KUANDIKA DAFTARINI

Chujio. Boya. Sindano. Kiti. Mvuke. Kufurika. Kila neno liandike mara tatu, kisha litungie sentensi moja.

MASWALI

1. Gari lazimika mlimani, lakini lawaka tena baada ya dakika chache. Lina njaa au limefurika? Umejuaje?

2. Kwa nini moto wa petroli haufai kumwagiwa maji?

3. Mshale wa chujio uelekee wapi?

4. Dereva wetu alikosa nini: kukata chujio, au kutolirudisha? Jadilianeni darasani.

5. Gari la dereva lilikuwa na sindano, boya na pampu nzima. Ugonjwa wake ulianzia wapi?

Kama katika kijiji chenu iko pikipiki au mashine ya maji yenye kabureta, mwombeni mwenyewe awaonyeshe chujio lake, injini ikiwa imezimwa na kupoa. Mliyoyasoma karatasini myaone kwa macho. Kwaherini.